Mogogosiek, Alikolazwa Shangazi

Chai tunayoinywa asubuhi kwa mahamri ina kwao. Tangu mwaka 1969, mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi, majani ya Kenya na ya nchi jirani huletwa Mombasa kuuzwa, na apitaye Shimanzi hukutana na malori yaliyosheheni magunia yenye jina la kiwanda ulikotoka mzigo. Moja ya majina hayo ni Mogogosiek. Wapakuzi hulitamka vizuri kuliko baadhi yetu tuliosoma. Katika nyumba yetu, hapa Mji wa Kale, jina hilo halikuwa la chai. Lilikuwa la shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, aliyeishi huko miaka thelathini na mitatu na kufia huko katika Ramadhani ya mwaka 2020, baada ya kuugua kwa karibu miaka miwili. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampanulie kaburi lake.

Kaburi hilo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelizuru. Baba yangu, ambaye sasa anakaribia miaka themanini na magoti yamemchoka, hakutaka kusikia habari ya ziara. Kwa itikadi yake dada yake alizikwa mbali kwa dharura tu, na mahali pake halisi pako Kikowani, ubavuni mwa mama yao. Mara mbili aliwauliza masheikh kama maiti aweza kufukuliwa akahamishwa. Mara zote mbili alijibiwa kwa upole kwamba sivyo. Alinyamaza, lakini hakuridhika, na sote tulijua kuwa hakuridhika.

Agosti iliyopita nikamwomba idhini, nikaondoka na kijana wangu wa miaka kumi na sita. Gari moshi lilitufikisha Nairobi, tukalala Eastleigh kwa jamaa, na alfajiri tukapanda basi la Kericho. Baada ya Nakuru barabara hupanda mpaka Mau Summit, na hapo ndipo mtu wa pwani huanza kutafuta shuka katika mkoba. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Buibui langu, ambalo Mombasa hunitosha na kunizidi, huko lilikuwa kama karatasi. Mwanangu alivaa fulana tatu na bado meno yakagongana.

Kisha chai ikaanza. Nimeona picha zake maisha yangu yote, kwenye kalenda na kwenye pakiti, lakini picha haimwonyeshi mtu wingi wake. Vilima kwa vilima vimefunikwa zulia moja la kijani, limesawazishwa juu kana kwamba limekatwa kwa uzi, na kati ya mistari wachumaji husimama wakionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Mchai kwa asili ni mti. Ukiachwa utarefuka kama miti mingine. Hubaki mfupi kwa sababu mkono wa binadamu haumwachi. Huchumwa majani mawili na chipukizi, wiki baada ya wiki, na kichaka kimoja kikitunzwa huweza kumzika aliyekipanda. Makampuni makubwa ya Kiingereza yalianza kilimo hicho Kericho katika miaka ya 1920. Wakulima wadogo wa Kiafrika walikuja kupata nafasi baadaye, na chombo chao cha kuuzia kikaundwa mwaka 1964. Mogogosiek ni nchi ya hao wakulima wadogo. Iko katika Konoin, Kaunti ya Bomet, upande wa msitu wa Mau, na hapo shamba la mtu laweza kuwa ekari mbili, nyumba, ng'ombe watatu na chai mpaka dirishani.

Matatu ya kutoka Litein ilituacha sokoni saa tisa mchana, mvua ya mawe ikiwa imekwisha dakika chache kabla. Barabara ilikuwa nyeupe. Kijana wangu aliinama akaokota barafu akaitia mdomoni, na wanawake waliokuwa wakisubiri kupimiwa majani yao wakamcheka kwa furaha. "Chamgei," wakatusalimu. Tulikuwa tumeambiwa jibu lake. Mmoja akatutazama mimi na buibui langu, akauliza kwa Kiswahili safi kabisa, chenye lafudhi ya Mombasa hasa: "Nyinyi ni watu wa Madam?"

Kiswahili kile nilikijua. Kilikuwa cha shangazi.

Mwaka 1985 Serikali ilipoleta mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kikafanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na shule za bara zikawa na kiu ya walimu. Shangazi alihitimu ualimu wakati huo huo. Mwaka 1987 akapewa barua ya kwenda shule moja ya sekondari katika nchi ya chai. Bibi alilia siku tatu. Babu alisema ataomba uhamisho baada ya mwaka mmoja. Hakuomba. Mwaka wa tatu akaolewa na mwalimu mwenzake, Mkipsigis Mwislamu, ambaye baba yake alisilimu akiwa kijana mjini Kericho. Harusi ilifanywa Mombasa, na wakwe walikuja na mursik katika kibuyu. Bado hukumbukwa katika familia yetu jinsi wazee wa pwani walivyoyatazama maziwa yale yenye rangi ya majivu, kisha wakayanywa kwa heshima ya wageni.

Lugha nayo ilikuwa na mizaha yake. Shangazi alituandikia kwamba huko "mama" ni mjomba, na kwamba alipomwita mama mkwe wake "mama" siku ya kwanza, nyumba nzima ilimgeukia kaka wa yule bibi aliyekuwa ameketi pembeni. Shangazi kwa Kikipsigis ni "senge". Watoto wa shemeji zake wote walijifunza kumwita shangazi badala yake, kwa kuwa alilipenda zaidi neno lake.

Ugonjwa ulianza kwa chapati. Katikati ya mwaka 2018 alisema chapati inamkwama kifuani, basi akaacha chapati. Kisha ugali ukakwama, kisha wali, na katika zahanati moja alipewa dawa za vidonda vya tumbo, mwezi hadi mwezi. Ilipofika Februari 2019 alikuwa akishusha uji tu. Ndipo alipopelekwa Tenwek, hospitali ya misheni iliyo karibu na mji wa Bomet, ambayo imehudumu tangu mwaka 1937, wakapitisha kamera kooni wakaiona saratani ya umio.

Nalitaja hili kwa kirefu kidogo kwa ajili ya akina mama wasomao. Bomet na wilaya zinazoizunguka zimejulikana kwa miaka mingi kuwa na wagonjwa wengi wa saratani hiyo, kama zilivyo sehemu kadhaa za ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia mpaka Afrika Kusini. Wataalamu wamechunguza moshi wa majikoni, pombe na tumbaku, maziwa yaliyochachushwa, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vilivyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Si chai yenyewe. Ni ule umoto. Shangazi hakuvuta wala hakunywa kileo, na sababu ya ugonjwa wake aijuaye ni Mola. Lakini chakula kikimkwama mtu mzima kwa wiki mbili au tatu, apelekwe akaangaliwe koo. Asizidi kupewa dawa za tumbo.

Walimwekea kibomba cha waya laini ndani ya umio ili njia ipitike. Hakiponyi, humrudishia mgonjwa riziki ya kumeza. Akapata na mionzi Nairobi. Baba alimsihi aje Mombasa auguzwe kwao. Alikuja mara moja, Aprili ya 2019, akakaa majuma matatu, akala mbaazi za nazi zilizosagwa mpaka zikawa kama maziwa, kisha akaomba kurudi. Alisema baridi ya kule humsaidia kupumua. Baba hakuamini sababu hiyo, na kwa kweli nadhani hata mimi nisingeiamini.

Aliyemwuguza alikuwa jirani, mwanamke Mkristo wa rika lake, mkulima wa chai. Nilimjua kwa sauti tu, kwani ndiye aliyekuwa akipokea simu shangazi asipoweza kusema. Siku ya pili ya ziara yetu alikuja na jagi la chai akaketi nami jikoni. Mume wa shangazi, ambaye sote humwita Mwalimu, alikuwa nje na kijana wangu. Yule mama akaniambia habari ambayo sikuwa nimeisikia.

Wasomaji watakumbuka kuwa tarehe 29 Julai 2019 alifariki Dkt. Joyce Laboso, Gavana wa Bomet, naye kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 58. Alikuwa mwanamke wa watu. Mwaka 2008 dada yake Lorna, mbunge wa Sotik, aliangamia katika ajali ya ndege. Joyce, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Egerton, akagombea kiti kile akakipata, akawa Naibu Spika wa Bunge, na mwaka 2017 akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Alitibiwa Uingereza na India, akarudi Nairobi, na huko akafa. Bomet yote ilisimama. Na alipozikwa, Jumamosi ya tarehe 3 Agosti, hakuzikwa Sotik kwa baba yake wala katika kaunti aliyoitawala. Alizikwa Fort Ternan, nyumbani kwa mumewe, ambaye ni Mluo.

"Tulitazama mazishi kwenye televisheni, mimi na yeye," yule mama akasema. "Mimi nilinung'unika. Nilisema huyu ni binti yetu, kwa nini asilale Bomet? Madam akanyamaza mpaka jeneza likashushwa. Kisha akaniambia, mimi pia nitalala kwa mume wangu, hapa, na usiwaruhusu wanipeleke Mombasa. Akaniapisha."

Akaeleza kuwa shangazi alimwita Mwalimu jioni ile ile akamwusia. Alijua dini yake. Alijua kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii kumhamisha maiti kutoka mji aliofia kwenda mji mwingine hakuruhusiwi, ila awapo karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis. Lakini hilo, alisema, kaka yangu analijua na bado atanitaka. Waambieni kuwa mimi mwenyewe nimetaka. Na akaongeza sharti: wasiambiwe kwa simu. Aambiwe yule atakayekuja kunizuru, naye amfikishie kaka yangu ana kwa ana.

Nilitoka nikamfuata Mwalimu shambani. Hakushangaa. "Nimekusubiri miaka yote hii, mwanangu," akasema. "Si wewe hasa. Yeyote wa kwenu."

Nikamwuliza mbona alimwacha baba akae na huzuni ile, akidhani ni njia tu iliyomzuia dada yake.

"Njia iliyofungwa ilinisitiri," akajibu. "Shemeji aliilaumu Serikali. Hakumlaumu dada yake."

Ilikuwa kweli kwamba njia ilifungwa. Tarehe 8 Aprili 2020 kutoka na kuingia Mombasa kulipigwa marufuku kwa sababu ya korona, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungiwa. Shangazi alifariki katikati ya Mei, wakati wa daku. Baba hakuweza kuvuka hata mpaka Makadara, sembuse Bomet. Misikiti ilikuwa imefungwa. Aliswali swala ya ghaibu sebuleni na wanawe wawili, nasi wanawake nyuma yao, halafu akaketi na simu mkononi mpaka futari.

Huku Mogogosiek, kwa maelezo ya Mwalimu na yule mama, swali la kwanza lilikuwa nani atamwosha. Hapakuwa na mwanamke Mwislamu karibu aliyejua kazi hiyo. Mwalimu alipiga simu Kericho, na kafyu ilipomalizika saa kumi na moja, wanawake watatu wakaanza safari kwa gari la kuazima, wakiwa na sanda tano, kafuri na karatasi ya ruhusa. Jirani alikuwa amekwisha kuchemsha maji kwa kuni za mkaratusi. Alitaka kuingia kumsaidia kumwosha mgonjwa wake, kama alivyomwogesha kila siku kwa mwaka mzima. Yule mkubwa wa waoshaji akamweleza taratibu kwamba kazi ya ndani waifanye wao. Akakubali. Akasimama mlangoni, akawapokeza maji ndoo kwa ndoo mpaka josho la mwisho.

"Sikukasirika," akaniambia. "Waliniambia maji ni sehemu ya kazi."

Mazishi hayakuruhusiwa kuzidi watu kumi na watano. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wengine ni mabibi, walisimama barabarani mbalimbali, kila mmoja na shada lake la majani, kwa sababu hawakujua Waislamu hufanyaje. Kabla ya alasiri alikuwa ardhini.

Familia ya Mwalimu ina maziara yake madogo mwishoni mwa shamba, alikozikwa baba yake na watoto wawili waliokufa wachanga. Juu ya kuzuru makaburi kwetu sisi wanawake, masheikh wetu wengi huona si vizuri, kwa kuchelea kilio na mayowe. Nilikuwa nimeuliza kabla ya kuondoka, nikaelekezwa kwamba nikienda niende kwa sitara na utulivu, nitoe salamu, niombe dua na nirudi. Nilijitahidi kufanya hivyo. Machozi yalikuja bila sauti.

Kaburi lenyewe ni kifundo cha udongo mwekundu chenye nyasi fupi na jiwe kichwani, halina maandishi. Kilichonivuta macho ni kwamba limekaa mshazari. Mistari ya chai inashuka na mteremko, yote imenyooka, nalo linaikata kwa pembe, kama mtu aliyelala kitandani akageukia upande anaoutaka. Mwalimu alieleza kuwa walipochimba, mchimbaji alianza kufuata mstari wa chai, kwani ndivyo rahisi. Mmoja wa wale wanawake wa Kericho akamsimamisha. Ilibidi ving'olewe vichaka kumi na vinne vya chai ili mwanandani ukae sawa na kibla. Mkulima anajua kumi na vinne ni hasara kiasi gani. Vilipandwa na baba yake Mwalimu. Kijana wangu alitoa simu yake akafungua dira. Mombasa tumezoea kibla kuwa kaskazini barabara. Kule, kwa kuwa wako magharibi zaidi, huegemea mashariki kidogo. Akapima kaburi, akapima tena, akanionyesha bila kusema neno. Lilikuwa sawa.

Tulikaa siku nne. Nilichuma chai nusu siku na kupata kilo ambazo mtoto wa darasa la nne alinizidi. Nilifundishwa kusema "kongoi", yaani asante, na nililisema mara nyingi. Asubuhi ya kuondoka jirani alileta chupa ya mursik ya baba yangu, kwa kuwa Madam alimsimulia kuwa siku ya harusi kaka yake alikunywa bila kukunja uso. Mwalimu alinipa pakiti mbili za majani na daftari la shangazi, lile alilokuwa akiandikia msamiati wa Kikipsigis tangu 1987, la jalada la bluu. Katika ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mtu asiye na nguvu, ameandika wasia wake, mistari sita, na tarehe: 3 Agosti 2019.

Baba nilimkuta barazani baada ya magharibi. Nilimsalimu, nikambusu mkono, nikamweleza yote tangu mwanzo, kama nilivyoambiwa nimfikishie. Hakunikatiza. Nilipompa daftari alivaa miwani, akausoma ukurasa ule, akarudi juu akausoma tena, akalifunga akaliweka pajani. Muadhini aliadhini isha, naye akajibu adhana neno kwa neno, na mimi nikangoja.

"Kibla wamekipata?" akauliza.

Nikamwambia habari ya vichaka kumi na vinne na ya dira ya kijana.

"Huko huegemea mashariki," akasema. "Kidogo."

Kisha akanyosha goti lake la kulia kwa mikono miwili, kama afanyavyo kabla ya kusimama, na akataka kujua kama gari la kutoka Litein humshusha mtu sokoni, au huweza kuombwa lifike mpaka mlangoni.